Faili Tisa Zilizofanana

Mtaani walimwita Bi Nukta, na jina likamkaa. Ukimuuliza jana ilinyesha kiasi gani, hakwambii "nyingi" wala "kidogo". Anakwambia, "Kumi na mbili nukta nne," halafu anakukazia macho mpaka ahakikishe hiyo nukta umeisikia. Wauza mboga walimtania kila alipopita: "Bi Nukta, leo tuanike nguo au tusubiri?" Naye hujibu lile lile bila hata kutabasamu: "Mimi napima iliyokwisha kunyesha. Inayokuja muulizeni mwenye nayo."

Ndiyo kazi yake hiyo, kupima mvua. Kituo chenyewe ni chumba kimoja cha bati chenye meza, kabati la madaftari na kompyuta aliyoifunika kitambaa cha maua kama mgonjwa. Nje kuna ua wa waya, majani yamekatwa mafupi, na katikati ya majani kipimamvua: mkebe wa chuma wenye faneli juu na chupa ndani. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, Bi Nukta hutoa chupa, humimina maji kwenye glasi yenye mistari ya milimita, huinama mpaka jicho lilingane na maji, kisha huandika. Jumapili hivyo hivyo. Sikukuu hivyo hivyo. Miaka ishirini na sita, jamani, na magoti yake mnayaona yalivyo.

Wakati mmoja mlevi alipita usiku, akaruka waya, akauona mkebe, akamalizia haja yake humo. Asubuhi Bi Nukta akatoa chupa, akapima, akanusa, akasonya. Kisha akaandika daftarini: sufuri nukta sufuri, na pembeni, kwa mwandiko ule ule wa kupendeza, "maji yaliyokutwa si ya mvua". Mwingine angeandika mbili nukta moja akaendelea na chai yake. Nakueleza haya mapema ili usije ukadhani namsengenya mzembe. Hasha! Mzembe angepata usingizi.

Basi, zikiwa zimebaki wiki tatu astaafu, makao makuu wakamtuma mkaguzi. Mwanamume mrefu wa miaka kama arubaini, miwani ikining'inia kifuani, begani mfuko wenye laptopu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa dakika kumi na mbili."

Mkaguzi akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Akavuta kiti, akaanza kueleza kwa haraka haraka kama watu wa kompyuta walivyo, huku akichomeka nyaya.

"Mama, sisi kule tuna folda ya rekodi za kituo hiki. Zimechapwa kutoka kwenye zile kadi ulizokuwa unatutumia kila mwezi. Na wewe hapa una folda yako, uliyoichapa mwenyewe kutoka kwenye madaftari. Sivyo?"

"Nimeichapa miaka minne. Kwa vidole viwili."

"Hongera. Siku moja, faili moja. Sasa mimi nimeandika skripti. Inachukua faili yako ya tarehe fulani na faili yetu ya tarehe hiyo hiyo, inazipitia herufi kwa herufi, inatwambia zinafanana au zinatofautiana. Mwisho tukiwa hatuna tofauti hata moja, na hakuna siku iliyokosekana, kituo chako kinapewa cheti. Kituo Kisicho na Pengo. Nchi nzima hakuna aliyewahi kukipata, mama. Wewe ndiye utakuwa wa kwanza."

"Na zikitofautiana?"

"Tunafungua daftari, tunaona nani kakosea." Akavaa miwani. "Halafu kuna wahandisi wa mtaro wa soko. Wanasubiri folda hii. Wataangalia ile siku iliyonyesha kuliko zote, kisha ndiyo wajue mtaro uende chini kiasi gani. Kwa hiyo sema tu kwamba soko linachimbiwa mtaro kwa namba zako."

Hapo Bi Nukta akavuta kitambaa. Akajifanya anafuta vumbi mezani, na vumbi halikuwepo. Faili zitakazotofautiana hazikumtisha hata kidogo, maana daftari lake analijua. Alichoogopa ni faili tisa ambazo alikuwa na hakika zitafanana.

Wacha nikueleze, maana hili hakuna aliyelijua ila yeye na mume wake. Mwaka wake wa pili kazini, mumewe, fundi cherehani, utumbo ulijisokota. Alianguka kwenye mashine yake akapelekwa hospitali, akapasuliwa, na baada ya kupasuliwa hali ikazidi kuwa mbaya. Bi Nukta alikaa kando ya kitanda kile mchana na usiku. Saa tatu ikija, inapita. Mvua, mkebe, glasi, vyote vilimtoka kichwani kama havijawahi kuwepo. Asubuhi ya tisa mgonjwa akafumbua macho, akaomba maji, na daktari akasema sasa nenda nyumbani kaoge. Yeye akaenda kituoni kwanza.

Chupa ilikuwa imejaa, maji yamefurika hadi kwenye mkebe wa nje. Akapima glasi baada ya glasi. Jumla: mia moja na kumi na nane nukta sita. Majirani wakamwambia yote ilishuka usiku mmoja, ule wa nne, mvua ya kuangusha ukuta wa shule, na siku nyingine zote jua lilikuwa kali.

Kanuni aliijua. Kanuni inasema: siku nane uziache wazi, ya tisa uandike jumla, na ueleze sababu. Lakini mwezi ule ule ulikuwa umepita waraka kwamba mpimaji atakayeacha kipimo wiki nzima bila ruhusa ataondolewa. Mume yuko kitandani na mshono tumboni, nani atawalisha? Na hata akisema ilinyesha yote siku moja, namba kubwa namna ile ingemleta mkaguzi mbio. Manyunyu hayaleti mkaguzi. Basi akakaa akaigawa ile mvua, kama mama anavyowagawia watoto chakula: huyu kumi na tatu nukta mbili, huyu tisa nukta nane, huyu ishirini na moja nukta nne, mpaka sufuria ikaisha. Akaandika daftarini, akaandika kwenye kadi, akatuma. Na miaka ishirini baadaye, alipokuwa anachapa madaftari kwenye kompyuta, alifika kwenye ukurasa ule, akasimamisha vile vidole viwili kitambo, kisha akachapa kama ulivyo. Yaani alidanganya mara mbili, na mara ya pili hakuwa na mgonjwa.

Turudi kwenye kompyuta. Mkaguzi alibonyeza, skripti ikaanza kukimbia, mistari ikapanda kioo kizima mbio mbio. Ilipotulia, mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Imekuwaje?" Bi Nukta akauliza.

"Faili elfu tisa mia nne na tisini na sita."

"Ndizo zangu, ndiyo."

"Zote zinatofautiana."

Lo! Bi Nukta alisimama. Hofu yake yote ikageuka hasira papo hapo, na hasira ya mtu wa nukta si ya kuchezea. "Zote? Hata za kiangazi? Baba, mwaka ule wa ukame nimeandika sufuri siku mia moja na kumi mfululizo. Sufuri yangu na sufuri yenu zinatofautianaje? Yenu imenona?"

Mkaguzi akarudi kwenye kioo. Jasho lilimtoka. Akafungua faili moja ya kituo na moja ya makao makuu, akaziweka ubavu kwa ubavu, na kwa macho zilikuwa kurwa na doto. Ikamchukua karibu saa nzima kugundua kwamba mashine ya zamani ya makao makuu ilikuwa inaweka alama isiyoonekana mwisho wa kila mstari. Mtu haioni, lakini skripti inaiona, na skripti haina busara ya kusema haya ni madogo tuyaache. Akaongeza mstari mmoja wa kuiambia ipuuze alama ile, akabonyeza tena.

Safari hii zikabaki mia mbili na kumi na mbili, pamoja na faili moja iliyokuwa makao makuu tu, kituoni haipo.

"Ya tarehe gani?"

Mkaguzi akakohoa. "Tarehe thelathini Februari, mama. Milimita mbili nukta moja."

"Hiyo mvua itakuwa ilinyesha kwenu peke yenu," Bi Nukta akasema, na mkaguzi akacheka mpaka akashika meza. Wakaifuta.

Hizo mia mbili na kumi na mbili ziliwachukua siku nzima. Mkaguzi anasoma tarehe, Bi Nukta anashusha daftari, anafunua, anaweka kidole. Nyingi zilikuwa ugonjwa mmoja: tarakimu ya moja anayoiandika Bi Nukta ina pua ndefu, na wachapaji wa makao makuu waliiona saba. Kumi na moja ikawa kumi na saba, ishirini na moja ikawa ishirini na saba. Nyingine walikuwa wameruka mstari kwenye kadi, mvua ya Jumanne ikaangukia Jumatano. Kila daftari lilipofunguliwa, kituo kikawa sahihi. Mkaguzi akaanza kumvika kilemba, na hakikuwa cha ukoka, alikuwa anamaanisha kabisa: "Mama, mimi nimezunguka vituo kumi na vinne. Watu wanapika takwimu mpaka unasikia harufu. Wewe ni mtu wa namna gani?"

Bi Nukta akafunga daftari. Akalirudisha mahali pake. Kwenye kabati, daftari la mwaka ule lilikuwa limesimama na wenzake, na siku nzima halikuombwa. Kwa nini liombwe? Skripti ilipofika kwenye zile tarehe tisa iliona ya kituo na ya makao makuu zinafanana, ikapita. Ilitumwa kutafuta tofauti, na uongo ulionakiliwa vizuri hauna tofauti.

Jioni ikafika. Mkaguzi akabonyeza mara ya mwisho. Tofauti: sufuri. Akampa mkono kwa mikono miwili. "Kesho asubuhi najaza fomu, tunasaini, naondoka. Hongera sana, mama yangu."

Nyumbani, mumewe alikuwa amerudi kutoka sokoni, amekaa kwenye kiti chake, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Akamwona mkewe usoni.

"Vipi, wamekunyima?"

"Wamenipa. Hakuna tofauti hata moja."

"Sasa mbona umenuna kama umefiwa?"

"Na zile tisa zimepita."

Fundi aliacha kusugua miguu. Hakuuliza zipi. Mtu hasahau siku alizokaribia kuzikwa.

"Zimepita si ndiyo vizuri?" akasema polepole. "Mke wangu, usimwamshe aliyelala, utalala mwenyewe. Wiki tatu zimebaki. Tatu! Chukua cheti chako, tukitundike pale juu ya redio, nikitazame mimi na wageni wangu. Nani ameumia kwa zile namba?"

"Mpaka leo, hakuna."

"Basi."

"Wanachimba mtaro wa soko. Wataangalia mvua kubwa ya siku moja. Kwenye rekodi zangu kubwa kuliko zote ni themanini na nne nukta mbili. Na wewe unajua ule usiku ilishuka ngapi."

"Mimi sijui, nilikuwa nakufa."

"Mia na kumi na nane. Nimeikatakata mimi. Wakichimba kwa themanini na nne, siku ikija nyingine kama ile, mtaro unajaa, maji yanaingia sokoni. Na mashine yako iko upande wa chini, baba watoto. Ndiyo ya kwanza kuogelea."

Fundi akatazama maji ya beseni. Akaitoa miguu, maji yamekwisha kupoa. Bi Nukta akamletea taulo. Akajifuta mguu mmoja, akajifuta wa pili.

"Cheti ulikitaka sana," akasema.

"Nilikitaka. Nakitaka hata sasa." Akalichukua taulo. "Kila asubuhi miaka yote hii naenda pale kulipia zile siku tisa, na hazilipiki."

"Basi kaseme. Ila usije ukasema kwamba nilikuwa nalia."

"Ulikuwa unalia."

"Ndiyo maana nakwambia usiseme."

Kesho yake saa tatu Bi Nukta alipima kama kawaida. Sufuri nukta sufuri. Alipoingia ndani, mkaguzi alikuwa ameshafungua fomu kwenye laptopu, kalamu ya kusainia ameiweka tayari juu ya karatasi. Bi Nukta hakukaa. Alikwenda kabatini, akashusha lile daftari, akalifungua, akaliweka mbele yake.

"Fungua tarehe hizi."

Mkaguzi akatazama. "Hizi hazina shida mama, zimefanana."

"Zimefanana kwa sababu nyote mmenakili kutoka kwangu. Mimi sikuzipima."

Akamweleza. Alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, bila kujikosha na bila kuruka kitu: hospitali, waraka, chupa iliyofurika, jinsi alivyoigawa. Mkaguzi alisikiliza bila kugusa kitufe. Alipomaliza, mkaguzi akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa amekasirika, na hakuficha.

"Jana nimekusifu hapa siku nzima."

"Nilikusikia."

"Ungenyamaza mama! Mashine isingejua. Mimi nisingejua. Sasa hii fomu ina kisanduku kimoja tu: pengo lipo, au halipo. Nikiweka alama kwenye lipo, cheti hakuna. Na mimi itabidi niandike ripoti. Hawawezi kukufukuza, unastaafu, lakini watu watasoma."

"Wasome. Wahandisi nao wasome. Hao hasa."

Mkaguzi akakaa. Akamsogezea laptopu.

"Haya. Rekebisha folda yako mwenyewe. Mimi siwezi kukuandikia."

Bi Nukta akavuta kiti, akaanza na vile vidole viwili. Faili ya kwanza: akafuta kumi na tatu nukta mbili, akaandika "haikupimwa". Ya pili, tisa nukta nane, akaifuta, akaandika "haikupimwa". Alipofika ya nne alisita, maana ndiyo siku yenyewe, na hakuwepo kuiona. Nayo akaandika "haikupimwa". Nane zikaisha. Ya tisa akaandika: mia moja na kumi na nane nukta sita, jumla ya siku tisa, isigawanywe, wakazi wanasema ilinyesha yote usiku wa nne. Mkaguzi akabonyeza. Skripti ikapita folda mbili zile kuanzia mwanzo, ikasimama na kusema tofauti: tisa. Akachukua simu, akatoka nje, na kupitia mlango Bi Nukta akamsikia anamwambia mtu, "Hapana, hapana, msianze. Ile namba kubwa imebadilika. Ndiyo, imepanda."

Aliporudi akaifungua fomu, akaweka alama kwenye lipo. Chini yake kikafunguka kisanduku kingine ambacho Bi Nukta hakuwahi kukiona, kwa kuwa hakuwahi kukihitaji. Kiliandikwa: Sababu ya pengo.

"Hapo pia uandike wewe," mkaguzi akasema.

Akafikiri. Kuna maneno ya kiofisi ya kujaza mahali kama pale, na aliyajua yote: dharura ya kifamilia, sababu zisizozuilika. Akaandika: "Mume wangu alikuwa mahututi. Nilikaa naye."

Alipoyaona yameandikwa, akalia. Alilia kwa sauti, uso kwenye mikono, na hakikuwa cheti kilichomliza. Miaka ishirini na minne zile siku zilikuwa zimekaa kwenye kumbukumbu za serikali kama siku za kawaida, manyunyu hapa, manyunyu pale, kama kwamba aliamka salama kila asubuhi akaenda kupima. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba zilikuwa siku mbaya kuliko zote alizowahi kuishi. Mkaguzi hakumwambia nyamaza. Alisubiri mpaka kilio kikapungua, kisha akasoma ule mstari mara ya pili.

"Alipona?" akauliza.

Bi Nukta akajifuta macho kwa upande wa kiganja. "Alipona. Yuko sokoni, anashona."

Mkaguzi akaweka vidole juu ya vitufe. "Niongeze hapo, kwamba alipona?"

"Usiongeze," akasema Bi Nukta. "Hilo si la mvua. Hilo ni langu."